Nimepita mama mukwe bila klaxon

Bandugu, leo nimeendesha camion, lori kubwa, vizuri kabisa, na mutaa yetu yote ya Mangobo iko na kasirani juu yangu.

Tonton Asumani, mwenye kunifundisha, alikaa pembeni yangu. Gia hazikulia hata kidogo. Baiskeli zote nilizipisha.

Kumbe karibu na soko nimepita mama mukwe, beseni ya samaki kichwani, bila kumusalimia: sikupiga klaxon, ile honi, wala sikuinua mukono!

Munijue: klaxon inaniingia kwenye meno kama musumari. Na nikiangalia sura za watu, barabara inanipotea. Tangu utoto niko hivi. Bon, shofere si anaangalia barabara?

Mama mukwe akafika kwetu. Hata beseni hakutua.

"Mutoto wangu aliolewa na mutu, ao na jiwe? Nani amemufundisha huyu kiburi ya Wazungu?"

Tonton akaona haya. "Anajifunza tu, mama. Panda, nikurudishe mimi mwenyewe."

Mimi nikapanda nyuma.

Alors, Tonton akasalimia dunia nzima! Klaxon kwa katekista. Mukono kwa fundi cherehani. Kwa mujane wa kwenye kona, kichwa chote nje ya dirisha.

Nikapiga kelele: "Tonton, mutaro!"

Sasa camion imelala ndani ya mutaro na samaki iko barabarani. Mutaa yote inasukuma, inacheka, inamuletea Tonton maji ya kunywa.

Bandugu, muamue ninyi. Mama mukwe, matope mpaka kwenye kitambaa ya kichwa, ameshaamua. Ananionyesha Tonton kwa kidole:

"Umeona? Huyo ndiyo shofere."