Kaburi la Vigae Zizini kwa Baba

Hakuna kitu ambacho kingeweza kunishangaza mimi, niliyeanza biashara kwa baiskeli kijijini Dutwa, na ununuzi wa pamba ulipofunguliwa kwa watu binafsi nikapata lori. Baba alizikwa nikiwa mdogo, ndani ya zizi, bila alama, kama wenye kaya wa zamani. Niliona ni aibu kwa tajiri kama mimi. Nikamjengea kaburi la vigae katikati ya zizi, bila kumuuliza mtu, nikaalika wafanyabiashara wenzangu na padri.

Padri alipoinua mkono abariki, shangazi akamzuia.

"Subiri, padri. Kaka yangu yuko pale palipokuwa na mlango wa zizi, ng'ombe wapite juu yake. Hapa tulifukia dume lililokufa kwa kimeta."

Akanigeukia. "Mwanangu, mwenye lori haulizi?"

Dume lile limenigharimu shilingi 412,500.