Picha za Kujaribu Mwanga

Mume wangu ni mpiga picha. Studio yake iko Mukendo, katikati ya mji wa Musoma, chumba kimoja kati ya fundi cherehani na duka la nyavu. Naanza na hilo kwa sababu watu wakisikia kwamba hatuna picha za mtoto wetu, huuliza kwanza kama hatukuwa na kamera. Kamera tulikuwa nazo mbili.

Nieleze kazi ya studio ilivyo, maana bila hiyo mengine hayataeleweka. Siku hizi kila mtu anajipiga picha kwa simu, kwa hiyo studio inaishi kwa mambo matatu: pasipoti saizi, sherehe, na misiba. Ya misiba ndiyo inayotaka ufundi. Mtu akifa, ndugu zake wanakuja na chochote walichonacho. Wanaleta kitambulisho cha kupigia kura, au picha ya harusi ya jirani ambayo marehemu anaonekana kwa mbali amebeba sahani ya pilau. Mume wangu anakikata kile kichwa kwenye kompyuta, anakisafisha, kisha anakipachika juu ya nguo. Ana folda nzima ya nguo: suti za wanaume za rangi zote, na blauzi za kina mama zenye kola. Anachagua inayokubaliana na shingo. Nyuma anaweka anga la bluu. Picha inatiwa kwenye fremu, na mmoja wa familia anaishika mbele ya jeneza.

Ya mama yake mzazi aliitengeneza hivyo hivyo, kwa mkono wake. Mama mkwe alikuwa mkulima wa pamba huko Bunda, na kamera iliwahi kumtazama mara moja tu, siku ya kuandikishwa kupiga kura. Mwanawe alikuwa akimwahidi kila mwaka: ukija mjini, ukivaa vizuri, nitakupiga. Hakuja. Kwa hiyo kwenye picha ya mazishi yake alikuwa na blauzi nyeupe ambayo hakuwahi kuivaa, na shangazi wa mume wangu aliitazama ile picha kwa muda mrefu, akauliza, "Huyu ni nani?" Hakuuliza kwa ubaya. Hakumtambua tu.

Mwaka uliofuata tulimpata binti yetu, na kwa desturi ya kwao akapewa jina la bibi yake aliyefariki. Ndiyo maana mume wangu hakuwahi kumwita kwa jina. Alimwita Mama. Na yule mtoto, alipojua kusema, akashika nafasi yake sawasawa.

"Mama, umekula?" baba yake anauliza akirudi kazini.

"Nimekula, mwanangu. Na wewe vua viatu, unaleta matope."

Wageni walikuwa wanacheka mpaka wanashika mbavu.

Kabla hajatimiza mwaka mmoja vidole vyake vilivimba, vya mikono na miguu, akalia siku tatu. Tulipopimwa tukaambiwa ni selimundu. Nimeieleza selimundu kwa majirani wengi, nikisimama kama niko mbele ya wanafunzi wangu wa darasa la pili. Chembe za damu zinajipinda kama mundu wa kukatia nyasi, zinanasa kwenye mishipa myembamba, na zinaponasa ndipo pana maumivu. Mtoto anywe maji mengi, asipigwe na baridi, alale ndani ya chandarua, asikose kliniki. Na nilikuwa namalizia, kama ninavyomalizia leo, kwa kumwambia mzazi asikate tamaa, maana wako watu wazima wenye ugonjwa huu wanaofanya kazi na kulea watoto wao. Nilisema hivyo nikiamini. Bado ni kweli.

Picha tulizokuwa nazo ni mbili. Moja ya ubatizo, ana miezi mitatu, kinachoonekana ni kitambaa cheupe na pua. Ya pili ni pasipoti saizi ya kadi ya bima. Mume wangu alikuwa na sababu yake. Mtoto wa selimundu macho yake huwa ya njano mara kwa mara, na kwa mpiga picha jicho la njano ni kasoro. "Acha macho yatulie kwanza," alikuwa akisema. "Acha anenepe kidogo, nimpige picha ya maana."

Mara ya kwanza kumwomba ilikuwa Jumamosi asubuhi. Nilikuwa uani nachambua dagaa kwenye ungo. Binti yetu, wakati huo ana miaka mitano, alikaa juu ya beseni lililogeuzwa, anawaita dagaa mahudhurio kama anavyonisikia mimi.

"Wewe! Umechelewa. Kesho uje na mzazi."

Anamweka pembeni, anachukua mwingine. "Wewe kucha chafu. Simama nje."

Mume wangu akatoka ndani na begi lake la kamera. Simu yangu ilikuwa ya batani, haipigi picha yoyote ya kueleweka. Nikamwambia, "Fundi, tupige hapa."

"Hapa?"

"Hapa hapa."

"Na dagaa?"

"Na dagaa. Huoni mwalimu mkuu anafundisha?"

Akacheka. "Mwalimu, watu watasema mke wa fundi picha anashindaga kwenye dagaa. Nendeni mkavae kwanza."

Kosa langu la kwanza ni kwamba nilikubali. Nikanawa, nikamvalisha mtoto gauni la kanisani, nikamfunga na utepe. Tulipotoka, simu ya mume wangu ilikuwa imekwisha kuita: wanafunzi wa chuo walikuwa wanasubiri pasipoti mlangoni pa studio. Akatuambia kesho. Tukavua.

Niliendelea kumwomba. Nilimweleza kwa upole, kama ninavyomweleza mtoto anayesoma silabi, kwamba sitaki picha ya fremu. Nataka tuonekane tunavyokaa: mimi ninavyomsuka, yeye anavyolala mdomo wazi kwenye mkeka, viatu vyake alivyovivaa kinyume. Mume wangu alikuwa ananisikiliza vizuri kabisa, halafu anauliza, "Sasa hiyo ni picha ya nini?"

Nilikuwa namjibu, "Ya kwetu."

Mara ya mwisho ilikuwa Butiama, kwa wazazi wangu, likizo ya Desemba. Mume wangu alikuwa ametoka kupiga harusi Kiabakari akatufuata huko na kamera zake zote. Siku hiyo mtoto alikuwa na nguvu. Alikuwa amepandishwa juu ya jiwe kubwa nyuma ya nyumba, jiwe nililokuwa nikianikia mtama nilipokuwa msichana, na alikuwa anamenya karanga za kuchemsha na kutupa maganda kwa kuku, akiwagombeza kwa kugombania. Nikamwambia mume wangu mpige hivyo hivyo, asijue.

Alishika kamera. Hata kifuniko cha lenzi alikitoa. Kisha akakirudisha, akanivuta nyuma ya jiko la mama.

"Mwalimu, unajua wanaoletaga picha pale studio ni akina nani?"

"Najua."

"Hujui. Mtu anakuja na picha ya mwanawe anakula, anacheka, anasema fundi nikuzie hii. Kila uso ninaoukuza najua unakwenda wapi. Nikimpiga huyu na karanga zake, mkono wangu utajua ni ya nini. Usiniombe tena."

Nilikuwa nimeolewa naye miaka minane na sikuwahi kumsikia akisema hivyo. Mimi ambaye nina maelezo ya kila kitu, nikamwambia, "Basi." Sikumwomba tena. Nimelirudia hilo neno moja mara nyingi sana.

Sasa nieleze kitu kingine cha studio. Kabla mteja hajakaa, taa lazima zipangwe, na taa hazipangwi kwenye kiti kitupu. Unahitaji uso. Binti yetu alikuwa darasa la kwanza, anatoka shule mapema kuliko mimi, kwa hiyo alikuwa anapitia kwa baba yake kunisubiri. Akifika anapanda kwenye stuli, baba yake anampiga mbili tatu, anaangalia mwanga, anasogeza taa, anampiga tena. Jioni anazifuta zote ili memori kadi isijae.

"Leo nimemjaribia baba mwanga," alikuwa ananiambia tukirudi nyumbani, kwa majivuno ya mtu mwenye ajira.

Mara nyingine nilikuwa nafika mapema na kuchungulia kile kioo kidogo nyuma ya kamera. Alikuwemo na sweta la shule limefungwa vifungo vibaya. Alikuwemo na andazi mdomoni. Alikuwemo anatoa ulimi pale meno ya mbele yalipong'oka, na macho yake ya njano yako wazi, anamcheka mwanawe aliye nyuma ya kamera. Baba yake alikuwa anacheka naye, haogopi chochote, kwa sababu kwake zile hazikuwa picha. Na mimi, niliyekuwa nikiomba kitu hicho hicho kwa miaka miwili, nilivitazama vidole vyake vikibonyeza kufuta, nikasema, "Haya twendeni nyumbani, mboga italala." Hata mimi niliona ni mwanga tu unajaribiwa.

Alifariki msimu wa mvua za masika. Homa ilianza Jumatatu, damu ikashuka haraka kuliko ilivyowahi kushuka, akaongezewa, haikutosha. Alhamisi saa sita mchana alimwomba baba yake maji, baba yake akatoka kuyafuata, na aliporudi na kikombe nilikuwa nimesimama mlangoni pa wodi. Wauguzi walifanya yote niliyowahi kuwafundisha majirani na zaidi. Sina wa kumlaumu hospitalini.

Kabla ya kusafiri kwenda Bunda kuzika ilibidi iwepo picha. Ndugu walisema studio nyingine itengeneze. Mume wangu akakataa. Nilimkuta mbele ya kompyuta na ile pasipoti ya bima kwenye kioo: mdomo umefungwa, shingo wima, kola moja ya sweta imesimama. Alikuwa amefungua folda ya nguo. Alishuka mpaka chini, akapanda, akashuka tena. Suti, suti, blauzi, suti.

"Hamna ya mtoto," akasema. "Sijawahi kuweka ya mtoto."

Akaiprinti na sweta lake hilo hilo. Kule Bunda yule shangazi, sasa mzee sana, aliisogeza fremu karibu na uso. "Mbona hacheki?" akauliza. "Huyu si alikuwaga anacheka tu?"

Wiki ya tatu baada ya msiba mume wangu alizikumbuka zile za kujaribu mwanga. Aliingia ndani anahema, kamera mkononi, akaniambia kuna fundi wa kompyuta anayeweza kurudisha picha zilizofutwa. Usiku huo nilikula chakula kwa mara ya kwanza nikasikia ladha yake. Lakini kadi ikifutwa nafasi ile inaandikwa upya, na yeye alikuwa ameitumia kadi hiyo kila siku, mteja juu ya mteja. Fundi alihangaika nayo siku mbili. Vikarudi vichwa vya watu tusiowajua, mamia, wote wamenyamaza kwenye pazia la bluu. Wa kwetu alirudi mara moja. Nusu ya juu ya picha ni kijivu kitupu. Chini yake kuna sweta lenye vifungo vilivyokosewa, magoti mawili yenye vumbi, soksi moja imeshuka, na mkono umeshika andazi lililong'atwa.

Kama unasoma hili na nyumbani kwako kuna mtu mwenye kamera au simu, mwombe leo. Akikwambia ukavae, usiende. Akikuuliza ni picha ya nini, usichoke kumweleza, na akisema anaogopa, mwambie hata wewe unaogopa, kisha mkabidhi simu. Mimi ni mwalimu, na hilo ndilo somo pekee nililo nalo juu ya jambo hili, na limekuja baada ya mtihani.

Mwezi uliopita nilimpelekea mume wangu chakula cha mchana studio. Hakuwa na mteja. Kwenye kompyuta alikuwa ameufungua ule mwili wenye andazi, na juu yake, mahali pa kijivu, ameweka kichwa cha pasipoti ya bima. Alikuwa anakisogeza kidogo kidogo kwa kipanya.

"Haikai," akasema bila kugeuka. "Hapa alikuwa anacheka, angalia bega lilivyopanda. Kichwa alikiinamisha. Hiki kimesimama wima, hakikai. Nikijua tu alikiinamisha upande gani, nitakilaza." Akanigeukia. "Mwalimu, akicheka alikuwa anakilaza upande gani?"

Niliweka chakula juu ya stuli. Nilifumba macho nikamtafuta uani, kwenye beseni lililogeuzwa, na juu ya jiwe la Butiama.

"Kushoto," nikasema.

Akakilaza kushoto. Tukatazama wote wawili.

"Hapana," nikasema. "Kulia."

Akakilaza kulia.