Sekunde Mbili za Bi Cheche

Saa mbili asubuhi. Bi Cheche amevaa miwani ya kukinga macho, pumzi kaibana, kidole kiko juu ya swichi. Anabonyeza. Mwali mwembamba wa zambarau unashuka na kugusa tone la maji ndani ya kichupa kidogo. Anahesabu kimoyomoyo, anazima.

Jina hilo la Cheche alipewa na wenzake hapa maabara, na amelizoea. Kwa miaka kumi na mmoja kazi yake ni kuwasha plazma, yaani gesi iliyopigwa umeme mpaka ikawaka, na kuilenga kwenye protini zilizomo kwenye tone hilo.

"Ni kama mkate kwenye oveni," anaeleza. "Nje unababuka, ndani unabaki mweupe. Wataalamu wakiona palipobabuka na palipopona, wanajua protini imejikunja vipi."

Protini ya wiki hii si ngeni kwake. Ikijikunja vibaya, hugandamana kwenye neva na moyo. Ilimuua mama yake, na ugonjwa wenyewe hurithiwa. Sasa imemshika kaka yake, fundi cherehani, ambaye mwaka juzi alishona kidole chake pamoja na pindo la suruali asihisi kitu, mpaka mteja alipoona damu.

Kaka alikubali damu yake ichunguzwe. Mwaka jana ilipofika maabara, alama za kubabuka zilitoka hafifu. Kipimo ni sekunde tano. Bi Cheche akaacha mwali uwake saba, akidhani anasaidia. Protini ilifumuka, ikababuka hadi ndani. Wataalamu wakashangilia, wakidhani wameona upenyo wa kuingizia dawa. Wakaufuata miezi minane bila kupata kitu.

Hakuna aliyemshuku. Angenyamaza, yangepita.

"Nilijua ni zile sekunde zangu mbili," anasema. "Nikaenda nikasema."

Mkuu wake hakumfokea. Alifungua kalenda akahesabu miezi iliyopotea, na hilo, anasema, lilimuuma kuliko kufokewa. Barua ya onyo iko kwenye faili lake.

Kumwambia kaka ndiko kulikomshinda. Alizunguka wiki nzima kabla ya kumwambia. Katika miezi hiyo minane miguu ya kaka ilikwisha nguvu. Sasa anatambaa kwenda chooni. Daktari ameshasema dawa, hata ikipatikana, haitamwahi. Labda itawawahi binti zake wawili, ambao bado hawajapimwa.

Kaka alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza kama damu itahitajika tena. Itahitajika.

Kesho asubuhi muuguzi atakwenda nyumbani kwa kaka kutafuta mshipa, na siku hizi mishipa yenyewe ni ya kubahatisha. Bi Cheche alikuwa ameomba mtu mwingine awashe mwali safari hii. Mkuu alikubali. Kaka ndiye aliyekataa.

"Damu ni yangu, mdogo wangu," alimwambia. "Utawasha wewe. Hao wengine hawajui sekunde mbili ni kitu gani."