Kahawa Kwanza, Umeme Baadaye

Kokugonza hakuwa mwanamke wa kuogopa ovyo. Alikuwa msichana pale Kyaka wakati vita vya Amin vilipowatoa watu majumbani, ndizi zikiwa bado zinachemka jikoni. Katika kukimbia kule, mama yake alifunga nguo za watoto wote katika furushi moja akalibeba mwenyewe. "Anayetaka kubadili gauni atanitafuta," alisema, "na akinitafuta ataniona." Hakuna aliyepotea. Kokugonza aliwasimulia wanawe kisa hicho mara nyingi, mpaka mdogo wao, Josia, akawa anakimalizia yeye.

Alikuja kuogopa umeme akiwa mtu mzima, mjane, mpangaji wa vyumba viwili Kashai, mjini Bukoba.

Mumewe Pastory alikuwa akichukua samaki visiwani Muleba na kuwauza mjini. Faida yake ya mwisho aliitia kwenye friza nyeupe iliyokwisha kutumika, kubwa hata walilazimika kung'oa mlango ili iingie. Hakuifaidi sana. Ugonjwa ule wa kukondesha, ambao mwanzoni watu waliuita Juliana na baadaye wakaacha kuuita kwa jina lolote, ulimmaliza kabla msimu wa kahawa haujaisha. Akazikwa kwao Nshamba. Siku hizo mazishi yalifuatana kiasi kwamba matanga yenyewe yalifupishwa. Watu wangekaa kulia daima, migomba nani angeipalilia?

Baada ya mazishi ukoo ulikaa kikao. Rugaibula, kaka wa marehemu, alikuwa na baa mjini na mdomo usiojua likizo. Alitaka friza ikapoze bia zake, na watoto wagawanywe: Kemilembe, mkubwa, aende kwake, Petronila apelekwe kwa shangazi kule Rubya, Josia abaki Nshamba kwa babu zake. Mzee Bartholomayo, mkuu wa ukoo, alisikiliza, kisha akaamua.

"Friza inabaki na mama. Inapowalisha watoto, watoto wanakaa naye. Siku ikishindwa, watarudi kwa ukoo."

Basi maisha ya watu wanne yakaning'inia kwenye waya mmoja. Kokugonza aligandisha barafu, akawauzia wachuuzi wa samaki waliorudi visiwani. Akagandisha juisi kwenye vifuko, akawauzia wanafunzi. Watoto walikula, wakasoma. Mama yao alilala sikio moja likiwa kwenye friza, na ikinyamaza tu anaamka.

Umeme wa Bukoba miaka ile ulikuwa na tabia ya mlevi. Kuondoka si tatizo. Tatizo ni kurudi. Ulirudi kwa kishindo, ukashuka, ukapanda tena, balbu zikawaka mpaka zinatia uchungu machoni. Jirani yake Bernadina alipoteza friji hivyo hivyo, mchana kweupe, wote wakiwa uani wanamenya ndizi. Walisikia mlio, kisha harufu ya plastiki. Bernadina alikaa chini akalia kama aliyefiwa, na Kokugonza akalia naye, ingawa moyoni alikuwa analilia yake ambayo haijaungua.

Kesho yake akaenda dukani kwa Lameki, muuza vifaa vya umeme. Juu ya meza kulikuwa na stabilaiza kubwa kama debe, yenye mshale unaochezacheza nyuma ya kioo. Pembeni yake kulikuwa na kitu kidogo cheupe, kinatosha kiganjani, kina soketi moja na vitaa vitatu.

"Hiki ndicho frijigadi," Lameki alisema. "Watu wanaita gadi tu."

"Hiki kidude ndicho kilinde friza yangu? Si kitamezwa?"

"Mama, ukubwa wa pua si wingi wa makamasi." Lameki alicheka, kisha akaeleza kama mtu anayejua kwamba mteja wake hana nafasi ya kukosea. Stabilaiza inapigana na umeme: ukiwa dhaifu inaunyanyua, ukiwa mkali inaushusha, ila hiyo aliyokuwa nayo imekwisha kufunguliwa na mafundi mara nyingi, na hawezi kumwapia. Gadi haipigani. Umeme ukizidi inakata, ukipungua inakata, taa nyekundu inawaka, na ukirudi haiamini. Inawasha taa ya njano na kusubiri dakika kadhaa ione kama umetulia. Ndipo iwashe ya kijani na kuuruhusu upite. "Ila usichukue ya redio. Friza inapoamka inavuta umeme mwingi. Chukua hii iliyoandikwa kwa friza."

"Kwa nini isubiri?"

"Mgeni akiingia kwako, unaanza kumwuliza shida yake mlangoni?"

"Hapana. Anakaa, anatafuna buni za kahawa kwanza."

"Na hii ni hivyo hivyo."

Hapo Kokugonza akaelewa kuliko ambavyo angeelezwa kwa kitabu. Akaigeuza gadi huku na huku, akaiangalia stabilaiza na ukubwa wake wa kutia moyo, akairudia gadi. Aliogopa. Akikosea hapa hapotezi friza tu. Mwisho akachagua ndogo.

Habari za friji ya Bernadina zilimfikia Rugaibula, na akazipenda. Alituma ujumbe: Jumapili baada ya ibada wazee watakuja. Kashai umeme unaunguza, friza ihamishwe kabla haijawa jivu, na watoto wawe tayari, kila mmoja na furushi lake. Kokugonza alimwambia Kemilembe afunge nguo, kisha akaenda uani ili mtoto asimwone uso. Usiku hakula.

Jumapili wakaja. Mzee Bartholomayo alikaa kwenye kiti pekee chenye mgongo. Rugaibula hakukaa. Friza ilikuwa ikinguruma vizuri, barafu imejaa, na Kokugonza akaanza kupata pumzi. Ndipo umeme ukakatika.

Chumba kilinyamaza. Rugaibula akatabasamu.

"Utarudi, shemeji," Kokugonza alisema.

Ulirudi kweli, muda si mrefu. Balbu ikawaka. Kwa jirani redio ikaanza kuimba. Friza ikabaki kimya, na kwenye gadi ikawaka taa ya njano.

"Imekufa," Rugaibula alisema.

"Haijafa. Inasubiri."

"Inasubiri nini? Balbu inawaka, redio inaimba, hii yako inasubiri nini? Umeuziwa kichezeo cha watoto!" Akapiga magoti, akashika plagi ya friza. "Ngoja niichomeke ukutani moja kwa moja, wazee waone kama ni nzima."

Mjane hamshiki mkono kaka wa marehemu mbele ya ukoo. Angefanya hivyo, kesi ingekuwa imeisha na watoto wangeondoka jioni ile ile. Kumpigia kelele pia asingeweza. Macho yake yakatua juu ya kabati, kwenye kijikapu cha kusuka chenye mfuniko. Kwa hofu alikuwa amesahau kuwakaribisha wageni!

Akakichukua, akapiga magoti mbele ya Mzee Bartholomayo.

"Tata, nisamehe. Mmeingia kwangu na sijawapa kahawa. Nimewaaibisha."

Mzee akachukua buni mbili, akazitia kinywani. Kisha Kokugonza, bado kwa magoti, akasogea hadi kwa Rugaibula na kumnyooshea kapu.

Mkono wa Rugaibula ulikuwa bado kwenye plagi. Aliangalia kapu, akamwangalia mzee. Kukataa kahawa ya mtu mbele ya wazee ni kusema wazi kwamba unamdhania amekutilia sumu, na maneno hayo yakishatamkwa, hata kwa mkono tu, hayarudi. Na hakuna anayepokea kahawa kwa mkono mmoja, kapiga magoti nyuma ya friza.

"Kaa utafune," Bartholomayo alisema. "Hatukuja kuzima moto."

Rugaibula akaachia plagi. Akapokea kwa mikono miwili, akakaa.

Wakatafuna. Taa ya njano ilikuwa bado ya njano. Kokugonza aliomba kimoyomoyo sala zote za Kilutheri alizozijua na mbili za Kikatoliki za Bernadina.

Ghafla balbu ikang'aa, nyeupe, kali, wazee wakafunika macho. Ikapasuka. Redio ya jirani ikakatika katikati ya wimbo, na mtu akapiga yowe kule. Kwenye gadi ikawaka taa nyekundu, kisha umeme ukakatika kabisa, nayo ikazimika.

Rugaibula aliacha kutafuna. Alikuwa akiutazama mkono wake, ule uliokuwa umeshika plagi.

Kapu likazunguka tena. Umeme ukarudi, safari hii kwa upole. Njano. Wazee wote sasa walikuwa wameinamia kile kidude kama watu wanaosubiri mtoto azaliwe. Njano, njano bado. Kisha kijani, na friza ikashtuka, ikatetemeka, ikaanza kunguruma.

Bartholomayo akatema ganda la kahawa kiganjani. "Kinajua adabu," alisema. "Twendeni, Rugaibula."

Walipoondoka, Kokugonza alifunika kapu la kahawa, akalirudisha juu ya kabati. Kisha akaenda chumba cha pili kufungua mafurushi matatu, arudishe nguo mahali pake.

Watoto walikuwa wamekaa kitandani, wamebanana. Kemilembe alikuwa amekumbatia furushi moja tu, kubwa, limefungwa fundo juu ya fundo. Ndani yake zilikuwamo nguo zao wote.