Dagaa wa Elikana wamelowa wakiwa mali yake

Leo Elikana kaniomba huruma mbele ya makuli wote wa mwaloni, hapa soko la samaki ziwani. Nimemnyima!

Miaka ya tisini, biashara ilipofunguliwa, huyu bwana alinunua dagaa wangu awapeleke Kisumu. Mimi sikusoma, nikaweka dole gumba kwenye mkataba wake. Dagaa wakanyeshewa ziwani, akawakataa.

"Mama, mkataba unasema mzigo ni wako mpaka ushuke Kisumu."

Wanangu walikula ugali na chumvi msimu mzima. Sikusahau hata siku moja.

Juzi karudi, anataka magunia arobaini. Safari hii mkataba nimeandikisha mimi: gunia likishavuka ubao wa boti hapa Mwanza, ni la mnunuzi. Akasaini huku anacheka, hata hakusoma. Msomi mzima!

Asubuhi hii magunia yameingia botini. Turubai hakuleta. Mvua ikashuka, wacha kabisa.

"Mama, tugawane hasara. Sisi ni watu wazima."

"Soma karatasi, Elikana. Kwa sauti, na hawa makuli wasikie."

Akasoma. Alipofika kwenye maneno ya ubao wa boti, akaikunja karatasi. Jamani, nilisikia raha mpaka magotini.

Alikuwa anatetemeka kwa baridi, basi nikamfunika kanga yangu, nikampa chai ya tangawizi. Mimi si mnyama.

Kisha nikamwambia: "Maliza chai, uende kwa wafuga kuku wa Buhongwa, wao hununua dagaa waliolowa kwa bei ya chakula cha kuku. Kuku hawaulizi mkataba."

Mnaosema nina roho mbaya, andikeni hapa chini. Nitasomewa yote.