Kila Mara Anaanza na Wema

Mdogo wangu Twagirimana hajawahi kuanguka akiwa na nia mbaya, na hilo ndilo linalonichosha. Wanaume wengine huirudia pombe kwa hasira. Yeye huirudia kwa wema. Ni seremala hapa Mabanga, vitanda vyake havilii, na kwa miaka minne nimekuwa nikimtoa vilabuni kama mtu anayefukuza mbuzi kwenye maharage ya jirani.

Mara ya kwanza alikuwa ameacha miezi mitatu. Jirani yetu Télesphore akafariki, naye akaenda kusaidia kutengeneza jeneza. Vizuri. Halafu akawaza kwamba watu waliolia pamoja hawawezi kuagana hivi hivi, koo kavu. Siku nne hatukumwona. Mara ya pili alipanda hadi Kibumba kumhubiria rafiki yake Nsengimana aache kasiksi, ile pombe ya ndizi. Kumhubiria! Walirudi wawili wameshikana mabega, wakiimba nyimbo za kanisa.

Baada ya hapo mkewe, Clarisse, alimwambia bila kupaza sauti: "Ukikunywa tena, miye narudi kwetu Masisi na batoto. Sitabishana." Namjua Clarisse. Hasemi kitu mara mbili.

Akaacha. Miezi kumi na moja. Nami nikajifunza kuyachunga maneno yake, kwa sababu niligundua kwamba chupa huja mwisho. Kwanza huja wazo zuri, limevaa nguo za Jumapili, na ndani yake kuna neno "tu". Napita tu. Nawasalimia tu. Nikilisikia hilo, naacha kazi nimfuate.

Basi mwezi uliopita tulijiandaa kwenda Murara kumposea mtoto wa marehemu kaka yetu. Twagirimana akaniambia, "Dada, miye mwenyewe nitasemea famille. Ni heshima tu."

Yeye, ambaye kanisani hata tangazo hasomi! Na kila mtu anajua kwamba msemaji wa upande wa mwanamume ndiye anayepewa mrija kwenye mtungi wa kasiksi, na akikataa ni kama amemkataa msichana mwenyewe. Nilimwambia hayo. Akanuna, akasema namfanya mtoto. Nilitamani kumpiga kwa kiatu.

Alisema vizuri siku hiyo, lazima nikiri. Muzee Habarurema, baba wa msichana, akaonja pombe kwanza kama desturi ilivyo, kisha akampa mrija. Mdogo wangu akaushika, akauangalia mpaka mashangazi wakaanza kukohoa. Nilimwomba Mungu, na kwa kweli nilimwomba kwa hasira.

"Muzee," akasema, "miye niko mulevi. Nikionja hii, kesho sina bibi. Munisamehe. Mupatie dada yangu, akunywe kwa jina ya famille."

Muzee akafikiri, kisha akanipa mimi mrija, mwanamke, mbele ya wanaume wote. Nikanywa. Ilikuwa kali. Msichana tukapewa.

Tulirudi kwa miguu, yeye mwepesi, anacheka, anasalimia hata watu asiowajua. Nilifurahi, nisidanganye. Tulipofika penye vilabu vya Mabanga akapunguza mwendo.

"Dada, umeona? Nimeishinda. Sasa hata nikamate kamoja tu, haiwezi kunifanya kitu."

Nilifungua mdomo. Nilikuwa na matusi ya miaka minne, yote yako tayari. Lakini yeye alikuwa amesimama katikati ya barabara, pikipiki zinampigia honi, kiganja amekiweka kinywani.

"Umesikia nilichosema?" akaniuliza.

"Nimesikia."

"Na miye nimesikia," akasema polepole. "Nishike mukono, dada. Mpaka kwa Clarisse. Usiniachilie."