Siku Magurudumu ya Mbele Yaliporudi Nyuma

Nyinyi mliochubuka magoti miaka ile ya tisini, mliotafuna sukari guru mpaka taya zikauma, njooni tukumbushane. Hawa wa siku hizi waacheni na simu zao. Nikiwaambia tuliunda gari kwa mabati na vyuma vya kuokota, wananitazama kama mtu anayeuza dawa ya minyoo sokoni.

Sisi tulikuwa watoto wa kota za askari jela, Jinja. Baba yangu alikuwa dereva wa jela. Watu walimwita Afande Mafabi, Mgishu wa juu mlimani, upande wa Mbale. Majirani walikuwa Waacholi, Wateso, Walango, kila nyumba na lugha yake, kwa hiyo nje ya mlango sote tulikuwa watu wa Kiswahili. Watu wa mjini walikiogopa, wakisema ni lugha ya bunduki. Kwetu kilikuwa lugha ya kuombea chumvi kwa jirani.

Shule niliishia darasa la sita, wala siombi msamaha. Mwalimu wa hesabu alinikuta nachora gia boksi kwenye daftari lake la jometri, akanichapa. Nikamuuliza, mchoro una kosa gani, bwana mwalimu? Akanichapa tena. Leo mtoto akiandikiwa na mwalimu kwamba ana kipaji, wazazi wanakata keki. Mimi cheti changu kilikuwa matakoni.

Lakini mikono ilisoma. Tulitengeneza magari ya waya, magurudumu tukiyakata kwenye soli za sapatu zilizokatika, tukayashindanisha kwenye mteremko wa Mpumudde. Ya wenzangu yalikuwa yanagonga kila jiwe. Langu lilikuwa na springi, nilizitoa kwenye kalamu za baba, na usukani wake ulikata kona kweli. Opio, mtoto wa jirani yetu Mwacholi, rafiki yangu wa kufa na kuzikana, alikuwa akisema, "Gidudu, wewe utaendesha rais ama utafungwa. Hakuna katikati."

Kisha baba akaleta landrova.

Aliikuta kwenye ua wa kiwanda kilichofungwa zamani, kuku anaatamia kwenye kiti cha dereva. Fupi, ya kale, rangi imebaki kwa kumbukumbu tu. Vijana kumi tukaisukuma hadi kota, watoto wadogo wanatufuata wakiimba kama kwenye harusi. Mama akatoka na mwiko mkononi, akaizunguka mara moja. "Baba Gidudu, umetuletea gari ama banda la kuku?"

Baba akamjibu, "Mama Gidudu, hii itafika uwanjani kwa mzee. Mpaka mlangoni."

Hapo mama akashusha mwiko, maana kwa babu hakuna gari lililowahi kufika. Barabara ilikuwa nyekundu, imesimama kama ukuta, na mvua ikinyesha hata mbuzi alikuwa anafikiria mara mbili. Na mwaka uliokuwa unakuja ulikuwa mwaka wa imbalu, tohara yetu sisi Wagishu, na zamu ilikuwa yangu. Kule mlimani walikuwa wameshaanza kusema. Mtoto wa Jinja huyo, amelelewa kwa chapati na mukene, dagaa wa Masese, siku ya kisu atatafutwa chini ya kitanda. Baba akaapa mbele ya ukoo kwamba atanifikisha uwanjani mwenyewe, kwa gari lake, mchana, watu wanaona.

Miezi minane tulifanya kazi. Jioni baba akitoka zamu, anavua shati la jela, analala chini ya chuma. Mimi nilikuwa naanza asubuhi. Tuliinyanyua kwa kuongeza majani ya springi tuliyoyapunguza kwenye springi za lori, ikasimama juu kama ndama anayejifunza kutembea. Bomba la moshi tukalipandisha mpaka juu ya paa ili tuvuke mito. Mbele tukachomelea bampa la reli ya trela la miwa. Tairi zenye meno tulitafuta mpaka kwa wanajeshi wa Kimaka, tukapata nne, hakuna iliyofanana na mwenzake. Injini niliisikiliza kwa bisibisi: ncha kwenye chuma, mpini kwenye sikio, unasikia kila valvu inalalamika nini. Siku hizi wanachomeka kompyuta halafu wanasubiri iwaambie. Sikio limekuwa la kuvalia visikizio tu.

Nakumbuka harufu ya grisi na mafuta ya taa, na mama akipiga kelele kwa sababu beseni zake zote zilikuwa na boliti. "Siku moja nitawapikia hizo nati na karanga, mtakula!"

Karibu na siku yenyewe difu ya mbele, lile boksi la gia linalozungusha magurudumu ya mbele, ikafa. Baba alikuwa safarini na lori la jela. Nikaenda kwa Hajji Sulaimani, aliyeuza vipuri vya zamani mjini, mtu wa kanzu safi na mikono myeusi. Akanitolea difu nyingine. "Bwana mdogo, hii ni pacha wa ile yako. Chukua, baba yako nitaongea naye."

Tukaibeba mimi na Opio kwenye baiskeli. Nikalala chini, Opio akaninyanyulia, uso wangu umejaa mafuta. Ikaingia. Boliti zake zimezunguka sawasawa kama namba za saa, zilikubali zote. Nilipokuwa nakaza ya mwisho, Opio akachungulia. "Gidudu, ile ya kwanza si ilikuwa na hii nundu upande ule mwingine? Ngoja afande arudi aangalie."

"Afande wa nini? Fundi ni mimi. Duara ni duara, Opio."

Hayo maneno nimeyabeba mpaka leo.

Baba aliporudi akaijaribu barabarani, ikaenda kama bibi harusi. Fowili hatukuitia. Baba alikuwa na sheria: magurudumu manne ni ya matope, ukiyaunganisha kwenye barabara kavu unavunja gia bure. Kwa hiyo Jinja yote tuliitembeza kwa magurudumu ya nyuma peke yake, yale ya mbele yakifuata tu, na hakuna aliyejua kitu.

Mama alitangulia wiki nzima kupika pombe ya wimbi. Sisi tukafuata: baba, mimi, na Opio aliyekuja kutazama. Njia nzima, Iganga, Tirinyi, mpaka tunauona mlima, alikuwa ananichokoza. "Sisi kwetu mtu anakuwa mwanaume bila kuchinjwa." Baba alicheka mpaka akakosa gia. Tukalala Mbale, tukala malewa, machipukizi ya mianzi, kwa mchuzi wa karanga, asubuhi shangazi wakanipaka unga wa wimbi mwili mzima, wakanifunga njuga. Saa sita ngariba angekuwa uwanjani kwa babu. Alikuwa na nyua nyingine za kwenda. Asiponikuta, anapita, na wimbo wa mwoga unabaki.

Usiku ule mvua ilinyesha. Tulipofika chini ya mlima wa mwisho, watu walikuwa wametushukia na ngoma, wajomba, shangazi, vijana wa rika langu waliokwisha kukatwa wakitembea wamepanua miguu. Walipoiona landrova wakapiga vigelegele. Baba akanyoosha shingo kama jogoo. Akashika kirungu chekundu cha gia nzito, kinachounganisha magurudumu yote manne, akakivuta, akasema kwa sauti ya kusikika, "Sasa mtaona."

Tukaona. Magurudumu ya nyuma yalizunguka kwenda mbele, ya mbele yakazunguka kurudi nyuma. Landrova ikatetemeka palepale, ikachimba mashimo manne, matope yanaruka pande mbili. Bibi mmoja mzee, jirani wa babu, akashika kiuno. "Afande! Gari yako iko napigana yeye na yeye!"

Watu wakacheka mpaka ngoma ikasimama. Baba akajaribu tena. Ikazama zaidi. Akajaribu bila fowili, ya nyuma yakateleza tu. Akanituma nikaangalie, lakini mimi nilikuwa nimeshajua tangu tairi lile la kwanza liliporudi nyuma. Nilikuwa nimeifunga difu juu chini. Opio alinitazama, kisha akatazama miti.

Binamu yangu mmoja, mdomo wazi siku zote, akaanza wimbo palepale: mtoto wa Jinja amelifunga gari lisifike. Wengine wakaitikia. Nikaelewa balaa lililonikuta. Nikinyamaza, gari limeharibika lenyewe, baba anaaibika na mimi napona. Nikisema, kila mtu atajua mkono ulioliharibu ni wa kijana anayesubiriwa na kisu. Nani angeamini?

Nikaenda dirishani. "Baba. Ni mimi. Difu nimeifunga juu chini. Opio aliniambia nikakataa."

Baba alizima injini. Watu wakasogea, kila mtu anasikia. Akaniuliza neno moja tu.

"Uliogopa?"

"Hapana, baba. Nilijiona fundi."

Alinitazama, nami sikuangusha macho. Kisha akafanya kitu ambacho sikukitegemea. Yule mtu aliyekuwa hamruhusu hata mama kuegemea mlango wa landrova yake aliteremka, akaiacha katikati ya barabara, ufunguo unaning'inia, mlango wazi. Akakunja suruali mpaka magotini. "Basi panda," akasema. "Mimi nyuma yako."

Nikapanda. Niliimba sauti ikakauka, njuga zinalia, nateleza, naanguka, nainuka, unga wa wimbi umegeuka uji mwilini. Kila nilipogeuka nilimwona baba, viatu vya jela mkononi, anacheza kwa miguu mitupu kama kijana. Yule binamu alikuwa bado anaimba wimbo wake. Tulipofika katikati ya mlima aliubadilisha, kwa sababu watu waliacha kumwitikia.

Ngariba alikuwa anafungasha. Babu akasema, "Yule kule." Nikaingia uwanjani, nikasimama, nikainua mikono, macho nikayaelekeza kwenye bati la nyumba. Kilichofuata Wagishu wanakijua na wengine hawana haja. Nitasema hivi tu: sikupepesa. Firimbi ikalia, mama akapiga kigelegele kilichosikika bondeni, na Opio, Mwacholi wa watu, akazimia. Walimmwagia maji yeye kabla yangu.

Kesho yake ngariba alirudi kuninawisha mikono na kunipa wosia. Kwetu kijana anapewa vyombo vya kazi siku hiyo: jembe, panga, moto. Ngariba akanionyesha hiki ni cha kulimia, hiki ni cha kujengea. Baba alikuwa amesimama pembeni. Akatoa mfukoni spana yake namba kumi na tisa, akaiweka juu ya jembe. Ngariba akaitazama, akaona haiko kwenye mila, akaamua kuiacha.

Siku ya nne nilishuka barabarani taratibu, shuka kiunoni, wakaniwekea kiti kando ya landrova. Baba na Opio wakaingia chini. Na mimi, wa darasa la sita, nikatoa amri. "Mwaga oili kwanza. Chomoa shafti zote mbili. Izungushe, baba, nundu ije kulia." Afande wa jela, aliyekuwa akipiga kelele mahabusu mia wanasimama wima, akajibu kutoka kwenye matope, "Ndiyo, fundi." Wamenisifu wengi baadaye, wenye mashati ya shingo ngumu. Hakuna aliyelifikia hilo.

Saa kumi jioni ilipanda. Gia nzito, polepole, magurudumu manne yamekubaliana, watoto wanakimbia pembeni. Ikasimama mlangoni kwa babu. Yule bibi mzee akataka kukaa mbele, akakaa mpaka giza linaingia, hakwenda popote.

Leo nina gereji yangu Jinja. Vijana wananiletea magari marefu kuliko tamaa zao. Springi zimekuja kwenye boksi, bampa kwenye boksi, taa ishirini za kumulikia barabara ya lami. Wanakwenda kupiga picha kwenye dimbwi moja wanarudi kuosha. Nikiwauliza nani amefunga difu hii, wanaangaliana. Gari likikataa, kosa ni la aliyewauzia, la mtandao, la mvua.

Mimi nikifunga difu ninanyanyua magurudumu yote manne juu ya mawe, ninawasha, ninavuta kirungu, nakaa chini na kutazama yakizunguka. Wananicheka. "Mzee, unaangalia sinema?" Naendelea kutazama. Wengi wao baba zao wapo hai, wanawatumia pesa za tairi kwa simu, lakini hakuna hata baba mmoja aliyewahi kusimama na mwanawe kwenye matope, watu wote kimya, akamuuliza neno moja na kungoja jibu. Baba yangu tulimzika kule juu, karibu na ule uwanja. Barabara siku hizi imetengenezwa, hata gari la harusi linafika. Watu wanafurahi. Mimi nikifika pale chini ya mlima naegesha gari, nakunja suruali, napanda kwa miguu.